Plau Kuukuu na Umeme Uyeyushao Chuma

Wasomaji wetu, juma hili tutaziacha kidogo habari za viazi na maziwa, tuzungumze juu ya chuma. Aliyenitia katika jambo hili ni jirani yangu, mzee mkulima wa hapa Keringet, aliyenijia asubuhi moja ya baridi na swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa amepita kwake na mizani yake ndani ya pikapu, akaliona plau la ng'ombe lililolala nyuma ya ghala kwa miaka mingi, akataka kulinunua kwa kilo. Mzee hakukubali wala hakukataa. Plau lile lilinunuliwa na marehemu baba yake, nalo ndilo lililofungua shamba lao la kwanza.

"Mwanangu," akaniambia, "kabla ya kuliuza nataka kujua linakwenda wapi, na huko linafanywa nini. Nimeambiwa eti huyeyushwa kwa stima. Mimi stima niijuayo ni hii iwashayo taa, na siku nyingine hata hiyo taa haiwashi. Itayeyushaje plau?"

Swali hili ni la haki, wala si la mzee yule peke yake. Basi nilimchukua tukaenda sokoni, kwa vijana wa jua kali wanaotengeneza malango na madirisha ya chuma. Tulimkuta mmoja akiunga mguu wa kiti. Alikuwa amejifunika uso kwa ngao yenye kioo cheusi, na mkononi ameshika kijiti kilichobanwa kwenye mwisho wa waya mnene. Alikigusisha kile kijiti na chuma, kisha akakiinua kidogo sana, kadiri ya unene wa shilingi moja au mbili. Mara ukatoka mwanga mweupe wenye rangi ya samawati, na ncha ya kijiti ikaanza kudondoka kama nta ya mshumaa. Nilimwomba mzee atazame pembeni, kwa kuwa mwanga ule huchoma macho hata kwa kitambo kidogo, na maumivu yake huja usiku mtu akiwa amekwisha kulala. Kijana alipomaliza, mzee aliinama akalitazama lile ungio lililokuwa lingali jekundu, akasema, "Kumbe ni stima hii hii."

Naam, ni hii hii. Tanuri kubwa la umeme liyeyushalo tani mia za chuma kwa mara moja ni kazi ya yule kijana iliyokuzwa mara nyingi, na mtu akiielewa kazi moja amekwisha kuielewa nusu ya nyingine.

Kwa desturi hewa haipitishi umeme. Kama ingeupitisha, nyaya zile tupu zinazoning'inia juu ya nguzo zingepoteza nguvu zote njiani kabla hazijatufikia. Lakini vipande viwili vyenye umeme vikigusana kisha vikatenganishwa polepole, mahali pa mwisho palipogusana hupata moto mkali sana, na ile hewa iliyo katikati hupasuliwa na kubadilika tabia yake, ikawa njia ya umeme badala ya kizuizi. Mkondo hauruki mara moja ukaisha. Huendelea kupita katika njia ile ya moto maadamu pengo si kubwa na nguvu ya kuusukuma ingaliko. Radi ni jamaa ya jambo hili, ila radi huja na kwenda kwa kufumba na kufumbua, na watu wa huku karibu na Kericho hawahitaji kufundishwa radi ni nini. Huyu wetu ni kama radi iliyofungwa kamba ikakaa.

Mwingereza Humphry Davy aliwaonyesha watu wa London jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19 kwa vipande viwili vya makaa na betri kubwa mno. Alipovilaza vile vipande vikiangaliana, hewa ya moto ilipanda juu na ule mwali ukapindika kama upinde. Ndiyo sababu ukaitwa tao la umeme, na tanuri linaloutumia huitwa tanuri la tao.

Sasa tuseme habari ya joto. Maji huchemka kwa digrii 100, na hapa kwetu kwenye mwinuko hata hizo 100 hayazifikii, ndiyo maana maharagwe ya Keringet huchelewa kuiva. Chuma cha plau huyeyuka kwenye kiasi cha digrii 1,500. Wahunzi wetu wa kale, pamoja na ustadi wao wote na mivukuto yao ya ngozi ya mbuzi, hawakukiyeyusha chuma kikawa kama maji. Walikilainisha wakakifua kwa nyundo. Hata hivyo kazi yao ilikula makaa ya miti mengi sana, na kama tungetaka kupata nondo zetu zote kwa njia ile leo, msitu wa Mau usingefika mbali. Lakini ndani ya tao la umeme joto hupita digrii 3,000 kwa mbali. Hapo hakuna chuma kinachoweza kukataa.

Aliyeanza kulitumia tao kwa kuyeyusha chuma alikuwa William Siemens, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi zake Uingereza. Yapata mwaka 1879 alionyesha tanuri dogo la namna hiyo, lakini siku zile umeme ulikuwa ghali na mitambo ya kuufua ilikuwa michache, kwa hiyo watu walistaajabu kisha wakarudi kwenye makaa ya mawe. Mfaransa Paul Héroult ndiye aliyelifanya kuwa chombo cha kazi, mnamo mwaka 1900, na mwaka 1906 tanuri la namna yake likawashwa Syracuse huko Marekani. Leo kiasi cha tani tatu katika kila tani kumi za chuma cha dunia hutoka katika matanuri ya umeme, na kule Marekani ni kama saba katika kumi.

Hapa Afrika ya Mashariki jambo hili si geni kama wengi wadhanivyo. Bwawa la Owen Falls, pale Mto Nile utokapo katika Ziwa Viktoria, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ulipopatikana ilionekana kwamba kazi zinazohitaji moto mwingi zaweza kufanywa Jinja. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ya machimbo ya Kilembe ikawa inasafirishwa mpaka Jinja kuyeyushwa katika tanuri la umeme. Shaba ile iliendelea na safari kwa gari la moshi hadi Mombasa, tena reli yenyewe ni hii ipitayo Timboroa na Nakuru. Kwa hiyo mtu wa kaunti hii aliyesimama stesheni ya Nakuru miaka ile huenda alipitwa na shaba iliyozaliwa kwa umeme wa Nile bila kujua. Katika miaka ya 1960 Jinja ikapata pia kiwanda cha kuyeyusha vyuma vikuukuu kwa umeme. Kazi ya shaba ilizorota katika miaka ya 1970, kisha ikakoma.

Basi tuingie ndani ya tanuri lenyewe. Fikiri chungu kikubwa cha chuma, kipana kuliko nyumba ya msonge, kilichojengewa ndani kwa matofali ya magnesia yasiyoogopa moto. Kuta zake za juu zina mabomba ambamo maji hupita usiku na mchana, maana bila maji hayo tanuri lingejiyeyusha lenyewe. Juu yake kuna kifuniko chenye matundu matatu, na katika kila tundu inashuka nguzo nyeusi, nene kama mti wa mkaratusi uliokomaa. Nguzo hizo ni za grafiti, ambayo ni namna ya kaboni, ndugu ya ule wino mweusi ulio katikati ya penseli. Zimechaguliwa kwa sababu mbili: hupitisha umeme vizuri, na hazijui kuyeyuka. Walakini huliwa polepole na ule moto, kiasi cha kilo moja au mbili kwa kila tani ya chuma. Zikifupika, kipande kipya huungwa kwa juu kwa kufungwa kama parafujo, na kazi ikaendelea. Ni tatu kwa kuwa umeme wa viwandani huja katika nyaya tatu, na kila waya hupata nguzo yake. Yapo pia matanuri ya mkondo mnyofu ambayo nguzo yake ni moja.

Kifuniko husogezwa kando, kisha kreni huleta kapu kubwa la chuma ambalo tako lake hufunguka, na vyuma vikuukuu humwagika ndani kwa kishindo. Kulipanga kapu lile ni ufundi. Vipande vyepesi hutangulia chini ili sakafu ya tanuri isipondwe. Vizito hukaa katikati. Na juu kabisa huwekwa vyepesi tena, ili nguzo zipate kupenya upesi. Kifuniko hurudishwa, nguzo hushushwa mpaka zikaribie kugusa, na hapo tao linawaka.

Waliosimama karibu husema kwamba sauti yake ni kama ngurumo isiyokwisha. Mwanzoni hutumiwa tao fupi, maana vyuma bado ni rundo na mwali mrefu ungekiunguza kifuniko. Nguzo zinapokwisha kujichimbia shimo ndani ya rundo, tao hurefushwa, na vyuma vya pembeni huanza kuporomoka kuelekea katikati. Transfoma iliyo nyuma ya ukuta hufanya kazi ile ile ya kisanduku cha yule kijana wa sokoni: huushusha msukumo wa umeme na kuuongeza wingi wa mkondo. Kisanduku cha kijana hutoa ampea mia na kitu. Transfoma ya tanuri kubwa hutoa ampea makumi ya maelfu. Kwa sababu mkondo huo hucheza-cheza vyuma vinapoporomoka, tanuri likiunganishwa na nyaya dhaifu za mtaa, taa za majirani hupepesa jioni nzima. Ndiyo maana tanuri kubwa hupewa njia yake ya umeme wenye msukumo mkubwa.

Mzee wangu aliniuliza gharama. Katika tanuri kubwa la siku hizi, tani moja ya chuma hula kiasi cha yuniti 400 za umeme; matanuri madogo ya zamani hula zaidi. Tuseme plau lake lina kilo 40: kuliyeyusha ni kama yuniti 16. Nyumba yenye taa chache, redio na simu za kuchaji, itumiayo yuniti 30 kwa mwezi, ingetumia umeme huo kwa muda wa siku kumi na sita. Lakini tanuri la tani 100 kwa mzigo mmoja tu hula yuniti 40,000, na nyumba ile ile ingezitumia kwa zaidi ya miaka 111. Tena tanuri huzitaka zote kwa muda usiofika saa moja. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, katika kaunti hii hii ya Nakuru, ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na nguvu ya megawati 15. Kufikia mwaka 1985 mitambo ilikuwa mitatu, jumla megawati 45. Yote mitatu kwa pamoja isingelitosha tanuri moja la namna hiyo likiwa katika ukali wake. Hapo msomaji aona kwa nini nchi isiyo na umeme mwingi na wa bei nafuu haipati chuma chake kwa urahisi, hata ikiwa imejaa vyuma vikuukuu.

Chuma kikiisha kuyeyuka kazi haijaisha. Oksijeni hupulizwa ndani yake ili kuchoma kaboni iliyozidi, na chokaa hutiwa ili kuvuta fosforasi na salfa, ambazo zikibaki hukifanya chuma kivunjike kama muhogo mkavu. Uchafu huu wote hupanda juu pamoja na chokaa, ukawa yale ambayo wahunzi wetu waliyaita tangu zamani mavi ya chuma. Povu lake lina faida yake, kwa kuwa hulifunika tao na kuzuia joto lisipotee juu. Baadaye hukinguliwa nje. Kisha tanuri huinamishwa, chuma humiminwa katika ndoo kubwa mno, huongezwa manganizi na silikoni kwa kipimo, na mwishowe hugandishwa kuwa vipande virefu vya mraba, ambavyo hupashwa moto na kukandamizwa kati ya magurudumu mpaka viwe nondo.

Liko jambo moja ambalo tanuri haliliwezi, nalo ndilo linalotuhusu sisi wa mashambani kuliko yote. Haliwezi kuiondoa shaba. Oksijeni huchoma na kutoa vile tu vinavyoipenda kuliko chuma kinavyoipenda. Shaba huipenda kwa uchache zaidi, basi hubaki humo humo. Shaba ikizidi kidogo tu, chuma kinapokandamizwa kikiwa cha moto hupasuka juu yake kama ngozi ya kisigino wakati wa kiangazi. Mtu anayeficha mabaki ya mota au nyaya za shaba katikati ya rundo la chuma ili kuongeza uzito, anadhani amemwibia mwenye mizani. Kumbe ameitia ila nondo ambayo huenda ikarudi kusimamisha tangi la maji la mwanawe.

Na nyaya hizo nyingine hutoka wapi? Nyote mwajua. Katika miaka hii tumeona transfoma zikivunjwa usiku kwa ajili ya shaba na mafuta yake, na kijiji kikakaa gizani majuma mengi, maziwa ya jioni yakachacha kabla ya gari kufika. Yalitokea hata upande wetu, na mimi mwenyewe nilimwaga ndoo mbili. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme ilianguka katika njia ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi, na karibu nchi nzima ikakosa umeme, waharibifu walitajwa. Mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu, na amri ile haikuondolewa mpaka Mei. Wafanya biashara wengi wasio na hatia waliumia. Sheria ya mwaka 2015 ilikuwa tayari inataka kila mnunuzi awe na leseni, nami sioni kwa nini mkulima aone haya kumwuliza mtu mwenye mizani aionyeshe. Kuiba transfoma ili kulipelekea chuma tanuri linaloishi kwa umeme ni wazimu ambao sijui niufananishe na nini.

Tena ni hatari kuuza kitu kilichozibwa: mtungi wa gesi, au pipa lenye maji ndani. Maji yakifunikwa na chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafula na kulipuka, na watu wamekufa kwa sababu hiyo katika nchi nyingi. Wewe umepata shilingi zako zamani, na mtu usiyemjua amesimama mbele ya tanuri.

Ili nisiwapotoshe, yanipasa kusema kwamba viwanda vingi vya Kenya vinavyoyeyusha vyuma vikuukuu, kule Athi River, Ruiru na kwingineko, hutumia tanuri la namna nyingine, lisilokuwa na nguzo wala tao. Chungu chake kimezungushiwa koili ya bomba la shaba lenye maji ndani. Mkondo hupita katika koili ukipinduka mbele na nyuma mara nyingi kwa nukta moja, nao huamsha mkondo mwingine ndani ya vyuma vyenyewe, vikapata moto bila kuguswa na kitu. Ni tanuri safi, halina kelele nyingi, wala halisumbui taa za majirani sana. Lakini halisafishi chuma kama lile la tao. Kilichoingia ndicho kitokacho. Kwa hiyo nilivyosema juu ya shaba na uchafu vina nguvu zaidi hapa kwetu, wala si pungufu.

Nilimweleza mzee mambo haya yote, mengine mara mbili, tukiwa tumeketi nje ya duka na chai. Kijana wa kuchomelea naye alikuja kusikiliza, akatuonyesha mawe yake ya kabaidi, yale yatiwayo maji yakatoa gesi ya kuunganishia mabati ya magari. Nikamwambia kwamba hata hayo huzaliwa katika tanuri la umeme, kwa chokaa na makaa, na kwamba hayana kazi katika ndizi. Alicheka, maana alijua ninamsema nani pale sokoni.

"Na plau langu," mzee akauliza, "litabaki kiasi gani?"

Tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya sukari. Katika kilo 100 za vyuma vikuukuu hupatikana kama kilo 90 za chuma kizuri. Nyingine huwa kutu, vumbi na mavi ya chuma. Kilo zake 40 zitatoa 36. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa karibu kilo 11. Ni nondo tatu, na kipande kidogo juu yake.

"Nondo tatu," akarudia, kisha akanyamaza. Mwanawe anachimba msingi wa nyumba upande wa chini wa shamba, nami nadhani alikuwa akizihesabu zile nguzo. Mnunuzi aliporudi siku ya Alhamisi alilikuta plau limekwisha kutolewa langoni, nyasi zimefutwa. Mzee aliomba leseni, akaisoma yote polepole na miwani yake. Kisha akafungua gurudumu dogo la mbele kwa spana, akalirudisha ghalani, na kilichosalia akakiweka mwenyewe juu ya mizani.